Nilivunja Mlango wa Chumba cha Mzazi

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na moja, naishi Euless huku Amerika, karibu na uwanja wa ndege. Nilisoma mpaka darasa la nne tu kule kwetu Fizi, kisha vita ikatukimbiza hadi kambini Kigoma. Lakini msinidharau! Niliingia Amerika sijui hata kuomba maji kwa Kiingereza, na baada ya miaka sita nilikuwa kiongozi wa zamu ya mizigo pale uwanjani, wenye digrii wananiita bosi. Hakuna aliyenibeba. Leo nimechoka... hata kujisifu kunanichosha.

Kila Jumamosi wanaume walijaa kwangu kuangalia filamu. Mimi ndiye niliyetafsiri, kama wale jamaa wa mabanda ya video kambini. Mwaka 2018 tukapata moja ya Waingereza: wapelelezi wawili wa London, wagumu, hawafuati sheria yoyote. Kiingereza chao hata mimi kilinishinda, basi nikawa najitungia maneno. Kilichoniingia kichwani ni kwamba mkubwa wao haombi ruhusa. Akinusa uongo anapiga mlango teke, na kila mara anamkuta mkosaji ndani. Niliirudia mpaka wenzangu wakachoka.

Miezi ile ile mke wangu, Mama Neema, akabadilika. Akitoka kazini hotelini anachelewa kurudi. Nikimuuliza, anasema kuna mgonjwa wa kanisani. Nikaanza upelelezi wangu. Nikakagua gari, maili zimezidi. Nikafungua mfuko wake, nikakuta mataulo yamelowa! Sasa mwanamke anayelowesha mataulo kwa watu, wewe ungefikiri nini?

Nilimweleza Kabura, rafiki yangu Mrundi wa kazini. Akacheka.

“Mzee, ile ni sinema. Hapa ukivunja mlango wa mtu, wanakuja wenye bunduki za kweli.”

Nikamwambia ni mwoga, ndiyo maana mpaka leo anabeba masanduku.

Alhamisi moja mchana niliaga kazini kwamba naumwa, nikamfuata mke wangu mpaka Fort Worth, mji wa jirani. Akaingia apatimenti moja ya chini. Nikasogea mlangoni. Nikasikia maji yanamwagika, kisha mtu anaguna... Damu ikanipanda. Nilipiga teke mara mbili, kitasa kikang'oka, nikaingia napiga kelele kwamba huyo mwanaume ajitokeze!

Hakukuwa na mwanaume. Palikuwa na beseni la maji ya moto linafuka mvuke, mama mmoja wa kanisani, mwenye nyumba ile, na mke wangu kashika taulo. Alikuwa anamkanda mzazi. Na mzazi mwenyewe, aliyekaa pale bila nguo ya juu, alikuwa Neema. Binti yangu! Mimi nilijua yuko chuoni Houston. Kichanga kilikuwa kinalia kwenye kochi.

Mnajua kwetu mwanaume haingii anapokandwa mzazi, sembuse baba yake. Nilikua nikimwona mama yangu akibeba mataulo kwenda kuwakanda dada zangu. Ushahidi wote nilikuwa nao mkononi, nikausoma vibaya.

Mke wangu hakupaza sauti. “Tulikuficha kwa sababu tunakuogopa, Baba Neema. Umeona sasa?”

Neema tangu tufike huku hunijibu kwa Kiingereza. Siku ile alisema Kiswahili kilichonyooka: “Baba, toka.”

Nikatoka, nikakutana na polisi. Jirani alikuwa ameshawaita. Kesi haikuwa kubwa, lakini jina langu liliandikwa, na beji ya uwanja wa ndege ikachukuliwa. Bila beji husogelei ndege. Zamu yangu akapewa Kabura. Mimi sasa nafunga maboksi kwenye ghala huko Irving.

Hayo nimeyameza. Lisilomezeka ni kwamba Neema alirudi Houston na mtoto hata arobaini haijatimia. Mjukuu wangu sasa anatembea, namwona kwenye simu ya bibi yake. Kila mwezi Mama Neema anaendesha mwenyewe kwenda kuwaona, mimi nabaki. Nimetuma maneno ya kuomba radhi kupitia kwake, mara nyingi. Anarudi na jibu lile lile... bado.

Wanaume wenzangu, nyumba yako ikikuficha jambo, usianze kumtafuta mwongo. Jiulize kwanza kama wewe ni mtu wa kuambiwa. Msipite nilipopita mimi. Piga hodi, na ukiambiwa ngoja, ngoja. Mimi huu ni mwaka wa pili nangoja.