Dawa Niliyoimwaga Mtaroni

Kila Jumamosi asubuhi, sisi wa darasa la sita tulitoka Kariakoo na majembe begani, tukateremka bonde la Jangwani kwenye shamba la mpunga la shule. Zilikuwa siku za elimu ya kujitegemea, na kila kundi lilipewa kazi yake. Kundi langu liling'oa kwa mikono magugu ya mtaro wa kupeleka maji shambani. Mimi Zamzam ndiye niliyekuwa kiranja, na tope nililichukia kupita kiasi.

Jumamosi moja nilikuja na chupa ya dawa ya kuua magugu, niliyoiiba kwa mjomba. Wenzangu walipokwenda kunywa uji, niliimwaga yote mtaroni. Baada ya siku chache magugu yakanyauka, nami nikasifiwa mbele ya shule nzima kwa bidii.

Mwenzetu Kijakazi, aliyekaa na mama yake kulekule bondeni, ndiye aliyetunza wadudu wa majini wa somo la sayansi mlemle mtaroni. Alikuja darasani analia, ameshika kopo la vitoto vya kereng'ende na mende wa maji.

"Mwalimu, wamekufa wote."

"Kwao wanafulia mtaroni," nikadakia. "Amewaua kwa sabuni."

Darasa likaangua kicheko. Mwezi mzima tulimwita Muuaji. Mwalimu Elisaria akamwondoa kwenye kazi ile, akanipa mimi, nami nikaipokea bila haya.

Kisha mbu wakajaa bondeni. Kijakazi hakuonekana shuleni siku tisa. Mwalimu akatuonyesha glasi ya maji ya mtaro, viluwiluwi vya mbu vimejaa tele.

"Vitoto vya kereng'ende ndivyo hula viluwiluwi hivi," alisema. "Mbu wamerudi upesi, maadui zao bado. Kijakazi yuko wodini, malaria imempanda kichwani."

Nikakiri palepale. Jioni mwalimu akanipeleka hospitali.

"Kijakazi, ni mimi niliyemwaga dawa. Nisamehe."

"Najua," alijibu kwa shida. "Nilikuona. Nani angeniamini?" Akageukia ukutani.

Nje, mwalimu alisema, "Magugu utayang'oa kwa mikono mpaka mwaka uishe, na wadudu watarudi. Uvivu wako uliua maji. Uongo wako ulimnyamazisha mwenye haki, na mimi nikakusaidia. Hilo, Zamzam, ni baya zaidi."

Kijakazi alipona, akarudi darasani. Hakunisemesha tena mpaka tulipomaliza la saba.