Kigari cha Njano Kina Mwenyewe

Kigari cha njano hakikuwa na mtu, na kilikuwa kinakwenda.

Mama Kidoti ndiye aliyekiona kwanza. Walikuwa bado kwenye foleni ya vigari vya kugongana katika bustani ya michezo, mwanawe kamshika sketi, na mashoga zake wawili nyuma yake wanabishana kuhusu aiskrimu. Vigari vingine vyote vilikuwa vimeegeshwa pembeni vinasubiri watu. Hicho cha njano kilikuwa kinazunguka taratibu katikati ya uwanja, usukani unajigeuza wenyewe, kinakwenda kwa adabu kama mtu anayejifunza kuendesha.

"Kitakuwa kimeharibika," akasema moyoni, akageuka kuangalia mengine. Ndivyo tulivyo. Jambo likitushinda tunalipachika jina lolote, tunaendelea na safari.

Wote watatu walikuwa wasusi wa saluni moja, na hiyo ilikuwa siku yao ya mapumziko, siku ambayo kwa kawaida kila mmoja hulala mpaka jua limchome. Aliyewabembeleza watoke ni Bonge. Jina hilo alipewa tangu shule na mwili wake haukuliangusha. Alisema ana neno la kuwaambia, ila hawezi kulisema juu ya kichwa cha mteja, atalisema wakiwa wamekaa mahali pazuri. Kicheko, yule wa tatu, alikuwa amebahatisha njia nzima. Umepata kiwanja. Umepata kazi kwingine. Umeachika. Bonge akawa anatabasamu tu, na tabasamu lenyewe lilikuwa geni, kwa sababu siku hizi mawifi walikuwa wanampigia mafumbo kila wakija, ndoa ya miaka mingi na nyumba haina mtoto, na yeye alishazoea kununa.

Mzee wa vigari alikuwa na filimbi shingoni. Aliwafungulia kigeti, akawatazama mmoja mmoja.

"Gonganeni mtakavyo," akasema. "Ila hicho cha njano kipisheni. Kina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?" Kicheko akauliza.

"Si huyo anaendesha," mzee akajibu, na wala hakucheka, akaenda kuwasha umeme.

Kicheko alicheka kwa niaba yake. Alicheka mpaka akajishika mbavu, na Bonge akamwambia atajikojolea mbele za watu.

Mama Kidoti alichagua kigari chekundu, akamkalisha Kidoti ubavuni. Sasa huyu mama, mtu akikwambia ni mpole usikubali. Alikuwa mwema, mkono wake mwepesi kichwani, lakini kushindwa hakukujua. Hata kusuka alisuka kwa mashindano, akimaliza kichwa anachungulia cha mwenzake kimefika wapi. Filimbi ilipolia akamtwanga Kicheko mgongoni, akamtwanga tena. Bonge alikuwa anakwepa pembeni, mkono mmoja kwenye usukani na mmoja tumboni, anasema, "Mimi msinigonge, jamani, msinigonge."

Na kila Mama Kidoti alipopata nafasi nzuri, kigari cha njano kikamkatia mbele. Akakipisha mara ya kwanza. Cha njano kikarudi, kikajipitisha puani kwake kana kwamba kinamchokoza acheze.

"Mama, kile tumeambiwa tukipishe," Kidoti akasema.

"Leo kitanitambua," Mama Kidoti akasema, akakanyaga kanyagio mpaka mwisho, akakisukuma hicho kigari mpaka kikajikita kwenye ukingo wa chuma.

Sauti iliyotoka haikuwa ya plastiki wala ya chuma. Ilikuwa sauti ndogo ya pumzi kumtoka mtoto, halafu kimya, kile kimya ambacho kila mzazi anakijua, mtoto ameanguka, kinywa kiko wazi, na kilio hakijapata njia. Kilio chenyewe hakikuja. Ikaja harufu. Mama Kidoti alikuwa anachoma ncha za rasta kila siku ya kazi, harufu ya rasta iliyoungua aliijua hata usingizini, na hii haikuwa ya rasta. Hizi zilikuwa nywele za kichwani.

Umeme ukakatika. Mzee alikuwa amesimama ukingoni, filimbi iko mdomoni na haipigi.

"Nani amemgonga?" akauliza kwa sauti ya chini.

Mama Kidoti akamshusha Kidoti haraka. Mzee akatazama vigari vyote. "Nendeni kwenu. Msipande kitu kingine hapa. Mama yake hakai mbali."

Bonge alitaka waondoke, tena papo hapo. Alisema mwili umemsisimka, alisema neno lake atawaambia nyumbani. Mama Kidoti akakataa. Alikuwa ameogopa na hakutaka wenzake wajue, na mtu wa namna hiyo akiogopa huwa mbishi zaidi. Mtoto hajapanda gurudumu kubwa, akasema, wametoka mbali kote huko kwa ajili ya kukimbizwa na mzee mwenye filimbi? Bonge akashindwa kumkatalia, hakuwahi kuweza. Kicheko, ambaye kwenye ngazi ya saluni tu huona kizunguzungu, alibaki chini na mikoba.

Kibanda cha gurudumu kilikuwa cha watu wanne. Mhudumu, ili nafasi isiende bure, akawaongezea mama mmoja aliyekuwa peke yake, mrefu, mwenye gauni la heshima na mtandio, kabeba kifurushi cha nguo nyeupe kifuani. Aliwasalimia vizuri, wakamwitikia. Alinukia marashi mazuri, na chini ya marashi palikuwa na ile harufu. Kidoti alitazama miguu ya yule mama, akaikunja yake juu ya kiti, akajificha kwapani kwa mamake. Mama Kidoti hakutazama chini. Aliamua hatatazama.

Gurudumu likapanda. Mapaa ya mabati yakawa chini yao, na watu, na Kicheko na mikoba yake.

"Mwanangu anapenda sana kuendesha," yule mama akasema, kama wanavyoanza kina mama popote wanapokaa pamoja. "Mahali hapa palikuwa petu kabla ya bustani. Tukaelewana na wenyewe. Wao wafanye biashara yao, mwanangu aachiwe kigari kimoja. Tumekaa hivyo bila kukoseana."

Gurudumu likasimama, na wao ndio walikuwa juu kabisa. Upepo ulikuwepo, wakauona unavyopeperusha bendera za chini, lakini ndani ya kibanda hapakusogea hata uzi. Yule mama akafunua kifurushi, polepole, pindo baada ya pindo, na Mama Kidoti akajikuta anaangalia ingawa alikuwa anajiambia usiangalie, usiangalie, akaona kichwa kidogo kilichoungua nywele upande mmoja, na jicho moja lililofumba na jingine lililo wazi, na hilo lililo wazi halikuwa linamtazama yeye wala Bonge, lilikuwa limemkazia Kidoti, linamtazama kama mtoto anavyomtazama mwenzake aliyekaa kwenye bembea anayoitaka.

"Sina ugomvi na wote," yule mama akasema. "Namtaka mmoja. Aliyemgusa wangu, namgusa wake. Wangu alianguka kabla hajaona uso. Ameniambia chekundu tu, kisha akazimia. Nani alikuwa kwenye kigari chekundu?"

Kidoti akafungua kinywa. Mama yake akakiziba kwa kiganja.

Na hapo akafikiri, kwa kasi ya ajabu. Akafikiri, akisema mimi, mwanangu amekwenda. Akafikiri, Bonge hana mtoto. Wote wanajua Bonge hana mtoto. Huyu akimtafutia Bonge wake wa kumgusa atamkosa, atazunguka wee, atachoka, atarudi zake, na hakuna aliyeumia. Aliona ni akili. Aliona hata Bonge mwenyewe angemshukuru baadaye.

"Ni huyu," akasema, akamnyooshea kidole shoga yake.

Bonge aligeuka kumtazama. Mikono yote miwili ilikuwa tumboni.

"Ni wewe?" yule mama akamuuliza.

"Si mimi," Bonge akanong'ona. "Wallahi si mimi. Mama Kidoti, mwambie."

Mama Kidoti akatazama nje.

"Mwenzako amesema," yule mama akasema kwa masikitiko kidogo, akainama, akaweka kiganja juu ya tumbo la Bonge kama mtu anayempima mgonjwa homa. "Ni kadogo bado," akasema. "Lakini ni kako."

Walipofika chini kiti cha nne kilikuwa kitupu, na mhudumu akaapa aliwapandisha watatu tu. Bonge akasimama, na damu ikawa imeshafika viatuni. Kicheko akatupa mikoba akaja mbio. "Nilitaka niwaambie leo," Bonge alikuwa anamwambia Kicheko, anarudia na kurudia wakati wanambeba. "Nilitaka niwaambie tukikaa mahali pazuri."

Hospitali walimsafisha, wakamlaza, wakamruhusu. Mama Kidoti alimpelekea supu kila jioni, akamfulia shuka, akamlilia. Alilia kwa kweli, si kilio cha uongo. Lakini neno moja hakulisema, lile lile moja, na kila alipofungua mdomo alisema supu inapoa. Bonge alikunywa supu. Hakumlaumu, hakumgusia. Kidoti akaonywa asirudie habari za kule kwa mtu yeyote, na nyumbani taa zikawa hazizimwi.

Siku Bonge aliporudi kazini, hapakuwa na wateja, jua la mchana limewaka barabarani. Kicheko alikuwa ametoka kufuata rasta. Kidoti alikuwa sakafuni, anamsuka mwanasesere.

"Kichwa chako kimekuwa kichaka," Bonge akamwambia shoga yake. "Njoo nikuoshe."

Mama Kidoti alihisi kifua kinafunguka. Kuoshana vichwa ndiko kulikokuwa kupatana kwao, tangu walipoanza kazi, wakigombana asubuhi jioni mmoja anamwosha mwenzake na yanaisha. Akakaa kwenye kiti cha kuoshea, akalaza shingo kwenye sinki, akafumba macho. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Povu likamjaa mpaka kwenye kope.

"Nilirudi kule," Bonge akasema.

"Kule wapi?"

"Bustanini. Yule mzee akanionyesha pa kumsubiri yule mama. Akaja." Vidole vilikuwa vinakanda taratibu, nyuma ya masikio. "Mwanawe amezinduka, amemwambia chekundu kilikuwa na mtu na mtoto wake. Kwa hiyo alishajua. Akaniomba radhi. Unanisikia, Mama Kidoti? Jini ameniomba radhi. Wewe hujaniomba."

"Bonge, mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Ulidhani humu hamna kitu. Kama wanavyodhani wote."

"Nisamehe. Nisamehe, shoga yangu, ni mtoto, ningefanyaje, ni mtoto wangu."

"Hata yule alikuwa wangu," Bonge akasema. "Nikamuuliza kama atanirudishia. Akasema kilichokwenda hakirudi. Nikamwambia basi, twende nikupeleke kwa mwenyewe."

Mama Kidoti akataka kuinuka. Hapo ndipo alipogundua kwamba sauti ya Bonge ilikuwa inatoka mlangoni, mbali, upande wa barabara, na ilikuwa inatoka huko tangu mwanzo wa maneno haya, na vidole bado vilikuwa kichwani mwake, vinakanda, virefu, virefu kuliko vidole vya msusi yeyote, vimezunguka fuvu lote kutoka kisogoni mpaka ncha zake zimekutana chini ya kidevu, na alipojaribu kupiga kelele vikambana kinywa kwa upole, kama yeye alivyombana mwanawe kule juu, akabaki analalia maji yanayojaa masikioni, anasikia miguu midogo inakimbia sakafuni, anasikia Kidoti anacheka, anasikia Kidoti anaacha kucheka.

Kisha vidole vikamwachia.

Akainuka na povu machoni, akajigonga kwenye meza, akapangusa uso kwa gauni. Bonge alikuwa mlangoni, mkoba begani. Kidoti alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja mbele ya kioo, miguu inaning'inia, mzima, na mwanya wake wa meno.

"Mwanangu," Mama Kidoti akasema. "Kidoti, mama, uko salama."

Mtoto alikuwa anajipapasa kichwa upande mmoja, anakunja uso kwa maumivu.

"Kidoti ameondoka na mama," akasema, kwa sauti ile ile ya Kidoti. "Mimi nimeambiwa nibaki. Mama amesema aliyeniumiza ndiye ataniuguza."

Mama Kidoti akamtazama Bonge. Bonge hakukwepa macho.

"Mlee," Bonge akasema. "Mlee vizuri. Akilia tu, mama yake anasikia, na wako yuko kwake."

Akatoka, akashika njia ya kwao juani. Kwenye kiti mtoto akaanza kukunja midomo, karibu kulia, akanyoosha mikono yake miwili abebwe. Mama Kidoti akambeba.