Pa Kugeuzia Plau

Kila asubuhi Bitutu alikamua ng'ombe, akapika uji wa wimbi, akachukua jembe na kwenda shambani. Mumewe Mogire alimfuata, bado anapiga miayo. Hivyo ndivyo siku zilivyoanza katika boma la mzee Okemwa, karibu na Marani, mwaka 1969. Mzee alikuwa na wana wanne, na Mogire alikuwa wa kwanza. Shamba lao lilikuwa ekari tatu tu. Lilianzia juu barabarani, likateremka mpaka mtoni. Wote walilitegemea hilo hilo.

Jumapili moja mzee aliwaita wanawe.

"Nimezeeka," alisema. "Nataka kila mtu ajue chake kabla sijafa. Tutagawa kama baba zetu walivyogawa. Kila mmoja apate kipande kutoka juu mpaka chini. Juu ajenge, katikati alime, chini anyweshe ng'ombe. Kuna wa kulalamika?"

Hakuna aliyelalamika. Wana waliteremka wakichomeka vijiti vya minyaa kuonyesha mipaka. Bitutu alitazama, na moyo ukamchoma. Vipande vilikuwa vyembamba kama mshipi. Watoto wake wangekula nini humo? Lakini huku kwetu mkamwana habishani na baba mkwe, tena mbele ya watu. Angefungua kinywa tu, angeambiwa hana adabu.

Basi hakukifungua. Alikwenda zizini, akawafunga nira maksai wawili, akawaswaga mpaka kwenye kipande cha Mogire, plau nyuma yao. Watu walishangaa, maana kulima kwa maksai ilikuwa kazi ya wanaume.

"Mama Nyangate, unafanya nini?" Mogire alimuuliza mkewe.

"Nalima shamba letu. Si tumepewa?"

Alilima kwa kukata mteremko, kutoka upande hadi upande. Hazikupita hatua nyingi, maksai wakaingia kwa Ratemo, mwana wa pili. Alipowageuza, waling'oa minyaa ya upande ule. Waliporudi, wakakanyaga na ya upande wa pili.

"Shemeji, toa ng'ombe kwangu," Ratemo alisema kwa hasira.

"Nionyeshe pa kugeuzia, nami nitageuza."

"Si ulime kutoka juu kwenda chini?"

"Ili mvua ikija udongo wote uende mtoni? Mimi nibaki nikipika mawe?"

Mzee Okemwa alikasirika. Kila mtu aliliona hilo. Lakini hakuwa kipofu, na maksai walikuwa bado wamesimama kwa Ratemo.

"Mwiteni Momanyi," alisema. "Kama huyu mwanamke amekosea, ataomba radhi mbele yenu nyote."

Momanyi alikuwa bwana shamba, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mto. Alikuja, akapanda na kushuka shambani, akaokota udongo na kuufikicha mkononi.

"Mzee, hakukosea," alisema. "Mkilima kwa kuteremka, maji yanapata njia, na udongo mzuri unaondoka nayo. Mkilima kwa kukata mteremko, kila mfereji wa plau unazuia maji. Sasa vipande hivi havina upana wa kulima hivyo. Tena ua na vijia vitakula shamba. Na wajukuu wako wakigawa tena, watapata nini?"

"Kwa hiyo nisiwape wanangu urithi?"

"Wape. Gawa haki, lakini usikate ardhi. Wapimaji wa serikali wakija, andikisheni shamba moja kwa majina ya wote, kila mmoja na fungu lake. Sheria inakubali. Hakuna atakayemuuzia mtu wa nje fungu lake bila wenzake kukubali. Nyumba zote zikae juu, kando ya barabara. Katikati pandeni chai, mistari ikate mteremko. Chini pandeni migomba, na matete ya ng'ombe."

"Na mvivu je?" Ratemo aliuliza. "Mimi nilime, mwenzangu alale?"

"Kila nyumba iwe na mistari yake ya chai. Anayelala ataumbuliwa na magugu."

Watu walicheka, maana walijua nani hupenda kulala. Mogire alitazama chini. Mzee hakucheka.

"Ng'oeni hiyo minyaa," alisema.

Kazi haikuwa rahisi. Waligombana juu ya mistari, wakapatana, wakagombana tena. Lakini mvua kubwa zilipokuja, mto ulijaa udongo wa majirani, na wao hawakupoteza hata bonge moja. Chai ilishika. Kufikia mwaka 1973 kila nyumba ilikuwa ikichuma, na Ratemo mwenyewe aliezeka nyumba kwa mabati. Watoto walishiba.

Mwaka huo huo wapimaji walifika. Karani aliketi chini ya paa la Ratemo, akauliza majina ya wenye shamba. Mzee akataja wanawe wanne. Bitutu alikuja kutoka kwenye chai, kikapu mgongoni.

"Andika na langu," alisema. "Kwenye fungu la Mogire."

Mogire alisogea, akasimama kando ya mkewe. Ratemo alicheka.

"Shemeji, wewe ni mgeni hapa. Umeolewa tu."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Bitutu alijibu. "Jembe mlinipa zamani. Leo nataka shamba."

Karani alimgeukia mzee na kungoja. Mzee Okemwa alikitazama kile kikapu cha chai.

"Andika," alisema.