Jino la Nyangumi Ndani ya Mkeka

Kila asubuhi Losaline aliwafukuza nguruwe bustanini kwa babu, akanawa miguu, akajifunga kiunoni mkeka wake mdogo wa shule, vazi la heshima visiwani kwao, kisha akateremka kuelekea shuleni mjini Neiafu. Alitembea polepole, maana maji ya ghuba yalikuwa yametulia, na mawazo yake yalipenda kuelea juu yake kama majani makavu.

Wiki ile yalielea mbali, hadi Australia. Huko binamu yake Pelenaise alikuwa anaolewa, na Shangazi Melenaite, dada mkubwa wa baba, alikuwa ameondoka jana na mikeka mitano ya harusi. Akilini Losaline alimwona bibi harusi akikunjua mkeka, na kitu cheupe kikimwangukia mapajani. Akatabasamu peke yake. Nani angejua kama si yeye? Alikuwa amelichukua jino la nyangumi kutoka sanduku la babu, bila kuuliza, akalificha ndani ya mkeka mmoja walipokuwa wakiikunja na shangazi.

Mchana alipopita bombani akitoka shule, jirani yake Sela alimwita kwa sauti.

"We Losa! Eti shangazi yako siku hizi anafanya magendo?"

Wasichana wakacheka. Losaline alikimbia hadi nyumbani. Baba, Kepueli, alikuwa ameketi mlangoni, simu mkononi.

"Shangazi yako amekamatwa uwanja wa ndege," alisema. "Wamekuta jino la nyangumi ndani ya mkeka. Kule kuliingiza bila kibali ni kosa kubwa. Kesho anapelekwa mahakamani."

"Mwenyewe anasemaje?" babu aliuliza.

"Wakili anasema hataki kueleza. Kila akiulizwa anajibu, 'Ni langu.' Basi. Sasa wanadhani ni mfanyabiashara wa meno."

Babu alifungua sanduku lake. Alipekua nguo taratibu, akafunga kifuniko.

Losaline alihisi kama yuko chini ya maji. Sauti zilimfikia kutoka mbali. Shangazi Melenaite, ambaye hata baba hakuthubutu kumjibu, ambaye katika kila sherehe hukalishwa mahali pa heshima, amefungiwa chumbani na watu wasiomjua! Na mikeka ile ilikunjwa na watu wawili tu. Shangazi alijua ni nani aliyeweka jino. Alikuwa anamficha.

"Baba," alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Ni mimi. Nililichukua kwa babu nikalificha. Nilitaka Pele apate kitu cha ukoo wetu. Shangazi hakujua."

Baba aliinuka. Losaline akafumba macho akingoja kofi, lakini akasikia baba akitafuta viatu.

"Nifuate," alisema. "Maneno hayo lazima yaandikwe leo hii. Na wewe, mzee, ile picha ya baba yako akiwa amelivaa jino iko wapi?"

Katika kituo cha polisi, sajenti mmoja mwanamke aliandika kila neno.

"Unajua kwamba hata kulitoa hapa kulihitaji kibali?" aliuliza.

"Sikujua."

"Ungemuuliza babu yako, ungejua. Haya, rudia tena. Polepole, na usipambe."

Losaline alirudia, kisha akatia sahihi. Baba naye akatia. Sajenti aliipiga picha karatasi ile, pamoja na picha ya zamani iliyomwonyesha baba yake babu kanisani, jino lilelile likining'inia kifuani, akamtumia wakili.

Kesho yake simu ililia saa tisa alasiri. Hakimu alikuwa amesoma yote. Shangazi alipewa onyo, akaachiliwa, na harusi angeiwahi. Jino lilichukuliwa na serikali ya kule, wala halitarudi.

Losaline alipiga magoti mbele ya babu. "Nisamehe, babu."

"Lilikuwa la baba yangu," babu alisema, macho yakiwa yamelowa. Akamshika bega. "Nilikuwa nikupe wewe. Ungesubiri tu."

Losaline alilia kuliko alivyowahi kulia. Baba akamwekea simu sikioni.

"Mjinga wewe," sauti ya Shangazi Melenaite ilisema, imechoka, laini. "Unalia nini?"

"Kwa nini hukuwaambia ni mimi, shangazi?"

"Nilidhani kukuficha ndiko kukupenda. Kumbe uongo wangu ulinizamisha zaidi. Wakili alinisihi, mimi mdomo nimefunga. Sikiliza, mwanangu. Wewe ulichukua bila kuuliza, mimi nikasema lisilo kweli, na sote tulikuwa na nia njema. Nia njema haikunitoa mle ndani. Kilichonitoa ni wewe kusema kweli ukiwa unaogopa. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Haya. Nenda ukampikie babu yako chai, na leo ukae naye umsikilize."

Losaline alifuta uso, akaingia jikoni kuwasha moto.