Sukari Ndani ya Chai ya Bibi

Kila alasiri, akitoka shuleni, Assia alibeba chupa ya chai na kutembea kutoka nyumbani kwao mtaa wa Bwiza mpaka hospitali alikolazwa bibi yake. Mama alikuwa sokoni akiuza vitenge, kwa hiyo zamu ya kumpelekea mgonjwa chai ilikuwa yake. Tangu Bibi Mwanne apatwe na mshtuko wa moyo, nyumba ilikuwa imepooza. Hakuna aliyemgombeza Assia kwa kuburuta kandambili, na ukimya huo ulimliza.

"Hii chai yenu ni maji ya kunawa," Bibi alilalamika siku za mwanzo. "Niletee sukari, mutoto wangu. Mi natamani kwetu."

Assia angemnyima vipi? Mama alipika chai bila sukari, kama madaktari walivyoagiza. Kila siku Assia alichota sukari kwa siri, akaifunga kwenye karatasi na kuimimina ndani ya chupa njiani. Bibi alipokunywa huku amefumba macho, mjukuu alifurahi kupita kiasi.

Siku ambayo Bibi alitarajiwa kuruhusiwa, Assia alifika na chupa ya chai na kanga safi ya Bibi. Alimkuta Daktari Daphrose amekunja uso. Bibi alikuwa ametoka kuchomwa kidole ili apimwe sukari.

"Bado iko juu sana," daktari alisema. "Mama Mwanne, leo haurudi nyumbani. Moyo wa mutu muzee ukiumia, sukari ikibaki juu unachelewa kupona, na unaweza kushituka tena. Nitakuongezea dawa."

Bibi alimkonyeza Assia anyamaze. Assia aliitazama chupa ya chai. Alimtaka bibi yake nyumbani kuliko kitu chochote, na akisema, huenda Bibi asingemtazama tena. Lakini akinyamaza, Bibi angeongezewa dawa kwa ajili ya sukari ya kuletewa.

"Apana, muganga!" Assia alimwambia daktari. "Ni mimi. Natiaka sukari mu chai yake."

Bibi aligeukia ukutani. Daktari hakufoka. Aliimwaga chai ile, akaacha dawa kama zilivyokuwa, akasema watapima upya.

Siku zilizofuata Bibi alikunywa chai yake bila sukari na bila kumsemesha mjukuu. Assia alirudi Bwiza na chupa tupu. Hata hivyo, sukari ilishuka kidogo kidogo, mpaka daktari akamruhusu Bibi aende.

Mlangoni pa wodi Bibi alimwegemea Assia begani.

"Ulinikasirikia, Bibi?"

"Sana! Nilisema huyu mutoto nitamufukuza." Bibi alicheka. "Sikia, Assia. Kumupenda mugonjwa si kumupa kila anachoomba. Mi nilikuomba sumu, na we ukanipa kwa mapenzi. Lakini uliposema ukweli, muganga akajua anatibu nini. Ungenifichia siri, ningebaki hapa, ao mungenizika."

Assia aliushika mkono wa bibi yake kwa mikono yote miwili, wakatoka nje polepole.