Chiriku na Funguo Kumi na Mbili

Kila alasiri, vyombo vikishaoshwa na kufunikwa, watu wa nyumba ile walijua kinachofuata. Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani na alishonea pale pale sebuleni, alisogeza vitambaa vyake upande mmoja wa meza. Baba, kama hakuwa safarini na lori lake, alizima redio bila kuombwa. Na Chiriku, msichana wa miaka kumi na miwili aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo, aliwasha kinanda chake cha umeme, akanyoosha vidole, akaanza kupiga jazi.

Na alikuwa anaweza, jamani, tusimnyime haki yake. Mkono wa kushoto ulitembea na besi, zile sauti nzito za chini, taratibu, kama mtu anayerudi sokoni bila haraka, huku mkono wa kulia ukimchokoza njiani. Mama alikanyaga cherehani kwa kufuata mapigo, na mara mojamoja pindo la sketi ya mteja lilienda upogo kwa sababu hiyo.

Taabu ilikuwa moja tu. Chiriku alijua kuupiga wimbo wake kuanzia mahali pamoja.

Kinanda kina vibao vyeupe na vyeusi, na wimbo wowote unaweza kuanzia kwenye kibao chochote. Ukianzia chini, wimbo wote unashuka. Ukianzia juu, wote unapanda. Mahali hapo pa kuanzia wanamuziki hupaita ufunguo, na funguo zote ni kumi na mbili. Wimbo unabaki ule ule, lakini vidole hulazimika kujifunza njia mpya kila ufunguo unapobadilika. Ufunguo aliouzoea Chiriku ulipita karibu wote kwenye vibao vyeupe, barabara iliyonyooka kabisa. Funguo nyingine zilijaa vibao vyeusi, na huko vidole vyake vilijikwaa kama mtu anayepita gizani kwenye chumba chenye viti.

Mwalimu wake wa muziki, mama mmoja mrefu mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, alikuwa amepiga kinanda kwenye bendi miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha. Shule ilipofunga, bendi yake ya zamani ilimwita akapige nayo katika mji mwingine likizo nzima. Kabla ya kuondoka alipita nyumbani kwao, akampa Chiriku kazi.

"Shule ikifunguliwa kuna tamasha," alisema. "Utampigia binamu yako aimbe ule wimbo mfupi nilioutunga. Likizo hii ufanyie mazoezi katika funguo zote. Ujirekodi kwa simu ya mama yako, unitumie."

"Zote kumi na mbili, Mwalimu?"

"Zote."

"Lakini kwenye tamasha si nitapiga mmoja tu? Hizo kumi na moja nitampelekea nani?"

Mwalimu alicheka mpaka cherehani ya Mama ikanyamaza. "Piga kwanza, mwanangu. Maswali tutayajibu nikirudi."

Binamu huyo, aliyesoma darasa moja na Chiriku, aliishi nao nyumba moja pamoja na mama yake, shangazi wa Chiriku, ambaye alikuwa muuguzi. Walimwita Baragumu kwa sababu ya sauti yake iliyofika nyumba ya tatu hata alipokuwa anaomba chumvi tu. Alipenda kuimba, ila mwaka ule alikuwa ameapa hataimba tena mbele ya watu. Siku moja alisimama darasani kusoma, sauti ikamponyoka ikalia kama mlango usiotiwa mafuta, na darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo alikuwa akijibu maswali ya walimu kwa kunong'ona. Chiriku ndiye aliyembembeleza wiki nzima mpaka akakubali tamasha.

"Wewe imba tu," alimwambia. "Mimi nitakuwa nyuma yako. Sitakuacha."

"Uniapie."

"Haki ya Mungu."

Mwanzo wa likizo Chiriku alijitahidi kweli. Alichukua ufunguo wa pili, akatoka jasho. Akachukua wa tatu, akaona afadhali kuosha vyombo. Ndipo macho yake yalipokiangukia kitufe kidogo pembeni mwa kinanda, chenye alama ya kujumlisha na ya kutoa. Alikibonyeza. Lo! Kinanda chenyewe kilipandisha wimbo wote, huku vidole vyake vikipita barabara ile ile iliyonyooka. Akabonyeza tena. Ukapanda tena.

"Sasa nijitese kwa nini?" alijiuliza. Akarekodi funguo zote alasiri moja, akazituma kidogo kidogo ili zionekane za wiki nyingi. Kila mara Mwalimu alijibu neno moja: "Nimesikia." Chiriku hakulipenda sana jibu hilo. Kuna kitu kilimkereketa moyoni, lakini alikinyamazisha kwa kupiga wimbo kwa nguvu zaidi.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa Chiriku ulikuwa ukumbi wa shule. Wiki moja kabla ya tamasha Mwalimu alirudi, akawaita kwenye mazoezi. Jukwaani palikuwa na piano kubwa ya mbao, ya zamani, isiyohitaji umeme wala waya. Wanafunzi wengine wa tamasha walikaa kwenye viti wakisubiri zamu zao.

Wimbo ulianza na mwimbaji peke yake. Chiriku aligonga kibao kimoja kumwonyesha Baragumu mahali pa kuanzia, Baragumu akaimba mstari wa kwanza bila kinanda, kisha Chiriku akaingia. Mstari wa kwanza ulipita salama. Wa pili ulipanda, na sauti ya Baragumu ikapanda nayo, ikapanda, ikakatika. Kikatoka kile kilio cha mlango. Viti vyote vikacheka.

Baragumu alishuka jukwaani, akakaa kwenye ngazi na kujiinamia. "Siimbi," alisema. "Mama yangu ameomba ruhusa kazini aje kunisikia. Aje asikie hivi? Siimbi."

"Hebu nyamazeni huko!" Mwalimu aliwakemea waliocheka, kisha akamgeukia Baragumu kwa upole. "Hakujaharibika kitu, baba. Sauti yako inakua, kama miguu inavyokua na viatu vikabana. Dawa yake ni kushusha wimbo. Chiriku, shusha kidogo, mwenzako atakaa vizuri. Funguo zote si unazo?"

Mkono wa Chiriku ulikwenda wenyewe pembeni mwa piano kutafuta kitufe. Ulipapasa mbao. Ukapapasa chini. Mbao tupu. Alijaribu kupiga kwa kubahatisha; mkono wa kushoto ukashika njia yake, wa kulia ukaenda kusikojulikana, na kilichotoka kilikuwa kama sahani zinazoanguka kabatini. Safari hii hakuna aliyecheka.

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Angeweza kusema piano ni mbovu. Ilikuwa ya zamani, na angeaminiwa. Lakini alimwona Baragumu pale kwenye ngazi, akakumbuka kiapo alichomwapia.

"Mwalimu," alisema, machozi yakimlengalenga, "sizijui. Nilibonyeza kitufe cha kinanda. Zote nilizokutumia ni ufunguo mmoja tu."

"Najua," alijibu Mwalimu.

"Unajua?"

"Mtu anayepiga funguo kumi na mbili hukosea makosa kumi na mbili tofauti. Wewe ulikosea kosa lile lile, mahali pale pale, katika zote. Nikasema nitasubiri aniambie mwenyewe." Alishusha pumzi. "Labda nami nilisubiri mno. Mimi umenidanganya, na imeniuma. Lakini aliyebaki njia panda ni huyu."

Chiriku alikwenda kukaa kwenye ngazi. "Nisamehe, kaka."

Baragumu alimtazama kwa jicho moja. "Ndiyo kusema ulikuwa nyuma yangu, ila mbali?"

Chiriku alicheka na kulia kwa pamoja, na Baragumu naye akashindwa kununa.

"Sasa tufanye kazi," alisema Mwalimu. Alimtafutia Baragumu ufunguo wa chini uliomfaa, akamgeukia Chiriku. "Kwa tamasha, huu mmoja unatosha. Ukiujua vizuri, mtapita. Nyingine ukitaka nitakufundisha, ila sitakulazimisha. Chagua."

Baragumu alikuwa upande wa wepesi. "Mmoja, bwana! Usituletee makubwa."

Chiriku naye alitaka kusema mmoja. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini njiani kurudi nyumbani Baragumu aliimba, na wimbo ulikuwa umeteremka kidogo. Jioni akiteka maji aliuimba tena, ukawa umepanda. Sauti yake haikuwa na anwani. "Akianzia pengine siku yenyewe, nami najua mlango mmoja tu, je?" Chiriku alijiuliza. Kesho yake asubuhi alimwendea Mwalimu. "Nataka zote."

"Utachoka."

"Nichoke."

Mwalimu alimfundisha kwa namna ya ajabu: alimkataza kugusa piano. "Imba kwanza. Usikariri vibao, kariri hatua. Hapa wimbo umeruka, hapa umeteremka ngazi moja, hapa umerudi nyumbani. Kinywa chako kinaweza kuimba kuanzia popote. Sasa vidole vikifuate kinywa."

Basi Chiriku aliimba huku akifua, aliimba akipiga pasi, aliimba mpaka Baba akasema ameuota wimbo akiwa usukani. Kisha akakaa kwenye kinanda, akakibandika karatasi ya gundi kile kitufe. Kila ufunguo ulimtesa kwa namna yake. Mmoja ulimponyoka mkono wa kushoto, mwingine ulimpoteza katikati. Kulikuwa na mmoja uliojaa vibao vyeusi ambao aliuchukia kuliko yote, na alilia nao mara mbili. Lakini alijikaza kisabuni, na kidogo kidogo vidole vikaanza kuelewa. Hakuumaliza hata mmoja kwa ukamilifu, ila hakuna uliobaki kuwa mgeni kabisa. Na raha yake ilikuwa ya kweli, siyo ile ya kujificha.

Siku ya tamasha ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Shangazi alifika moja kwa moja kutoka hospitali akiwa na sare yake, akakaa mstari wa mbele karibu na Mama na Mwalimu. Chiriku na Baragumu walipopanda jukwaani, watu walipiga makofi kwa nguvu, na Baragumu alipoona macho yote yale, hofu ikamshika. Hakusubiri kuonyeshwa mahali pa kuanzia. Alifumba macho akaanza kuimba.

Alianza pasipo mahali pake! Siyo ule ufunguo wa zamani, wala ule wa mazoezi. Mwalimu aliacha kujipepea. Mama alishika mkono wa Shangazi.

Chiriku alikuwa na muda wa mstari mmoja tu, mstari ule wa mwimbaji peke yake. Hakutazama vibao. Alisikiliza, akaimba kimoyomoyo pamoja na binamu yake, akatafuta wimbo unarudi wapi nyumbani. Kidole kimoja kikagusa besi, polepole, mtu asisikie. Kibao cheusi. Ni ule! Ule ule aliolia nao. "Ewe Mola," alisema moyoni, akapiga moyo konde, akaingia.

Hakupiga kwa madaha. Mkono wa kushoto ulitembea hatua kwa hatua, wa kulia ukagusa vibao vichache tu, vile alivyokuwa na hakika navyo. Katikati alikosea kimoja, akakirudia kwa makusudi kana kwamba ndivyo wimbo ulivyotungwa, na watu wakaupenda. Baragumu, aliposikia besi iko chini yake imara, alifumbua macho. Mabega yakashuka. Mstari wa pili ukapanda, sauti yake ikapanda nayo, mpya, nzito, nzima. Haikukatika.

Makofi yalipokuwa yakiendelea, walikimbilia nyuma ya pazia. "Nilianzia wapi?" aliuliza Baragumu akihema.

"Ulianzia porini!" alijibu Chiriku. "Nusura nikuache huko!"

Shangazi aliwafikia akicheka na kufuta machozi kwa mkono wa sare yake, na nyuma yake akaja Mwalimu pamoja na wenzao wa darasa. Mwalimu aliwashika wote wawili mabegani.

"Chiriku, uliniuliza zile funguo nyingine utampelekea nani," alisema. "Anayepiga nyuma ya mwimbaji hachagui mahali pa kukutana naye. Mwenzako akiogopa, ataanzia popote hofu itakapomtupa, na wewe ndiye wa kumfuata huko. Ndiyo maana tunatoka jasho nyumbani kwa njia ambazo pengine hatutazipita. Mimi ungeweza kunidanganya, hata mwaka mzima. Ila leo huyu angeangukia wapi?"

Baragumu alimvuta Chiriku akamkumbatia mbele ya darasa zima, na alimshukuru kwa sauti yake yote, bila kujali nani anasikia.