Redio ya Baba Esteri

Redio ya Evaristi ikianza kusema, nyumba nzima inanyamaza. Ndiyo sheria ya nyumba ile ya kijijini Heru Juu. Ugali wa muhogo unaliwa kimya kimya. Kijiko kikigonga sahani tu, utasikia, "Shii!"

Jioni moja ya mwaka 2013, binti yake Esteri alitaka kusema jambo.

"Baba, leo shuleni..."

"Shii! Taarifa ya habari!"

Basi, Esteri akameza maneno yake pamoja na tonge.

Esteri alikuwa anarudia kidato cha pili. Akifeli tena, shule basi, anabaki na jembe. Na jamani, mtoto huyu alitaka sana kuwa muuguzi!

Evaristi naye aliumia. Akamtafuta mkosaji, akampata: redio. "Inamvuruga mtoto kichwa," alisema. Akatoa betri, akaifungia redio sandukuni. Mwezi ukapita. Mtihani wa hesabu ukaja. Esteri akapata kumi na mbili kwa mia.

Evaristi akaenda kwa jirani yake, Mwalimu Shadia, anayefundisha hesabu.

"Mwalimu, redio nimeifungia. Mbona mtoto bado?"

"Kwani redio imekosa nini? Baba Esteri, binti yako hajaniuliza swali hata siku moja. Nikisema 'mmeelewa?' anaitikia 'ndiyo', macho chini."

"Si ndiyo adabu? Kwetu mtoto haulizi wakubwa maswali."

"Adabu anayo, na abaki nayo. Lakini kuuliza si utovu wa adabu. Mtoto akizoea kunyamaza nyumbani, atanyamaza na darasani. Sasa nitajuaje alipokwama? Rudisha betri. Sikilizeni habari pamoja, halafu zima redio, mzungumze. Kisha mwache asome."

Evaristi akakuna kichwa. Aliona haya.

Jioni ile habari zilipokwisha, akazima redio. "Haya Esteri, umesikia nini?"

Esteri akamtazama mama yake.

Mkewe, Immakulata, akacheka. "Miaka yote hiyo unamnyamazisha, leo unataka aseme!"

"Basi naanza mimi," alisema Evaristi. "Wamesema bei zimepanda kwa asilimia kadhaa. Hiyo asilimia, mimi siijui."

Esteri akashtuka. Baba hajui kitu, na anasema waziwazi!

"Hata mimi siijui vizuri, baba. Kesho nitamuuliza mwalimu."

Kesho yake Esteri alinyoosha mkono darasani kwa mara ya kwanza. Mwalimu Shadia akamweleza pole pole mpaka akaelewa. Jioni Esteri akamfundisha baba yake. Kuanzia hapo aliuliza kila alipokwama, mpaka siku ya mtihani.

Siku matokeo yalipotoka, Evaristi alikuwa na mgeni, kaka yake Stanislaus. Walikuwa wanasikiliza redio. Esteri akaingia mbio.

"Baba!"

"Shii!" akasema Stanislaus. "Taarifa ya habari!"

Evaristi akanyoosha mkono, akazima redio katikati ya habari.

"Sema, mwanangu."

"Nimefaulu, baba."